Kutafuta Jicho la Sentensi

Wadogo zangu wa darasa la barazani, Maganzo,

Kabla hamjaanza kucheka, naomba radhi kwa mwandiko. Mkono huu ulizoea chekeche kabla haujazoea kalamu, na herufi zangu zinainama upande mmoja kama watu wanaosukuma baiskeli yenye mzigo. Tahajia nayo msiitazame sana. Nyumbani kwetu tulisema Kisukuma, na mpaka leo naandika neno la Kiswahili jinsi ninavyolisikia. Elimu yangu ya kukaa kwenye dawati iliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanichukua mchana mzima, kwa hiyo nanyi nisomeni bila haraka.

Aliyeniomba niandike ni mwalimu wenu, Mabula. Ameniambia mmefika kwenye virai na vishazi vya Kiingereza, na kwamba yupo mmoja wenu ambaye amesimama mbele mara mbili, akakaa bila kutoa neno. Hakunitajia jina, nami sikuuliza. Wewe unajijua. Nawaandikia wote, lakini wewe nakuandikia zaidi.

Mabula huyo huyo ananiita mstaafu, ingawa sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini nimestaafu kweli. Miaka yangu yote ya ujana niliitumia kuchekecha changarawe za almasi hapo Maganzo, nimeinama, miguu ndani ya maji ya matope, mpaka mgongo ukaniambia basi. Sasa natengeneza pampu za maji huku Geita, mtaa wa Kalangalala. Nakaa kwenye kiti, natumia spana, nakula mchana kwa wakati. Hata hivyo mtu akiniuliza kazi yangu, neno la kwanza linalokuja mdomoni ni chekeche.

Kwa wale mliotoka vijiji vya mbali na hamjawahi kulishika, nieleze. Changarawe zinatolewa shimoni, zinawekwa kwenye chekeche la mviringo, chekeche linazamishwa kwenye maji. Halafu unalitikisa juu na chini, na wakati huo huo unalizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Si nguvu, ni mwendo. Ukipata mwendo, mawe mepesi yanakimbilia pembeni na yale mazito yanakusanyika katikati, chini kabisa. Ukishamaliza unalipindua chekeche lote chini kwa mara moja, kama mama anavyopindua ugali kwenye sahani. Kilichokuwa chini kinakuja juu. Pale katikati utaona duara dogo la mawe meusi mazito. Tuliliita jicho. Kama kuna almasi, imo kwenye jicho. Pembeni kote hakuna haja ya kutazama.

Aliyenifundisha ni Mama Kulwa, mwenye shimo nililofanyia kazi. Siku ya kwanza nilipindua taratibu kwa woga, changarawe zote zikachuruzika upande mmoja. Mama Kulwa alisimama akazitazama.

"Luhende," alisema, "hapa umepika ugali au uji?"

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani mimi. Ziombe hizo changarawe, maana zinarudi majini."

Tangu hapo niliitwa Uji kwa muda mrefu. Nilikuwa kijana wa aibu kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka, na wakija wengine nilianza kusubiri upya.

Duka lenyewe lilikuwa hilo hilo la Mzee Anwari, ambaye babu yake alikuja na vitambaa kutoka Bara Hindi, na yeye akaishia kuuza koleo, kamba na waya za machekeche. Barazani kwake ndipo Mwalimu Nyamizi alipoanzisha darasa. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi na amechoka, kama alivyosema mwenyewe, kuona vijana wake wa zamani wakipita na koleo wakiinamisha macho. Alifunga chaki kwenye pindo la kanga, akamwomba Mzee Anwari baraza kwa saa za jioni kabla jua halijazama. Mzee Anwari alikubali kwa sharti moja: wateja waachiwe njia. Mnaona bado kuna njia katikati ya mabenchi. Ilianza hivyo.

Mwalimu naye alikuwa na sharti lake, ambalo nasikia Mabula hajalifuta. Hakuna mtu anayepelekwa kuandikishwa mtihani kabla hajasimama mbele ya wenzake na kufundisha somo moja kwa Kiingereza. Tulilalamika. Alijibu, "Mtihani hauulizi ulisikia nini. Unauliza una nini. Simama tuone ulicho nacho."

Na mimi nilikuwa nautaka ule mtihani. Ni ule unaomfungulia mtu wa darasa la saba njia ya kwenda kufanya kidato cha nne akiwa anajisomea. Bila huo nisingepata cheti, na bila cheti chuo cha ufundi wa pampu kisingenitazama. Mgongo ulikuwa umeshaanza kuuma wakati huo. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani kwa kushika ukuta. Nilijua kwamba mtu wa chekeche mwenye mgongo mbovu hana kazi ya pili inayomsubiri.

Nilipangiwa virai na vishazi. Wengine walipangiwa rangi, wengine wanyama wa nyumbani. Nilidhani Mwalimu ananichukia.

Sikuwa nimelielewa somo lenyewe, nililikariri tu. Kirai ni kundi la maneno ambalo halina kitenzi pamoja na mtendaji wake. Kishazi kinavyo. Kishazi huru kinasimama chenyewe, kishazi tegemezi kinategemea kingine. Nilikuwa naweza kuyasema hayo nikiwa nyuma ya ng'ombe wa nyumbani, na ng'ombe hawakuwahi kupinga.

Siku yangu ilipofika nilisimama pale mbele. Mabula, ambaye tulifanya kazi shimo moja na alikaa benchi la kwanza, aliniona nimekauka, akaninong'oneza, "Anza na good afternoon!" Ilikuwa jioni, lakini hata hiyo ingefaa. Haikutoka. Kuku mmoja alipita kwenye ile njia ya wateja akitafuta punje, na nawaambieni kweli, yule kuku alisema maneno mengi kuliko mimi. Masikio yalikuwa ya moto. Niliona midomo ya wenzangu ikijibana isicheke, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama wangecheka.

"Kaa, mwanangu," Mwalimu Nyamizi alisema. "Wiki ijayo ni yako tena. Lakini baada ya hapo uandikishaji unafungwa, na mimi sitakupeleka ukiwa kimya."

Kesho yake shimoni sikuongea na mtu. Mama Kulwa alivumilia mpaka wakati wa kula, kisha akaniuliza mbele ya kiporo cha viazi, "Hicho kinachokula ulimi wako ni kitu gani? Nieleze kwa Kiswahili, Kiingereza sikijui."

Nikamweleza. Nilimwambia sentensi ya Kiingereza ina maneno mengi, lakini yapo ambayo ukiyatoa haianguki. Ukisema mtu fulani anachimba asubuhi, kwa koleo, karibu na barabara, unaweza kuondoa asubuhi, ukaondoa koleo, ukaondoa barabara. Hivyo ni virai. Ukiondoa "anachimba", umebaki na changarawe tupu.

Mama Kulwa alitafuna, akameza.

"Kumbe ni kuchekecha tu," alisema. "Unatafuta jicho."

Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa nimelikariri somo lile kwa wiki nzima, na ndiyo kwanza nalielewa, mdomo umejaa viazi.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Wewe mdomo wako una woga. Mikono yako haina. Nenda na chekeche. Chukua ndoo ya changarawe zile nilizokwisha kuosha. Mikono ianze, mdomo utafuata wenyewe."

Hapa niwape kidogo yale niliyoyapata wiki ile nikifanya mazoezi, maana ndiyo aliyoniomba Mabula. Ukikutana na sentensi ndefu ya Kiingereza, usianze kuisoma kwa kuogopa urefu wake. Tafuta kitenzi. Ukishakipata, tafuta nani anakitenda. Sisi hapo tunakosea kwa sababu ya lugha zetu. Kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mtendaji amebebwa ndani ya kitenzi kama mtoto mgongoni. Ukisema "ninachimba" umemaliza, wewe umo humo humo. Waingereza hawabebi. Mtendaji wao anatembea kwa miguu yake mbele ya kitenzi, na asipoonekana, isipokuwa kwenye amri, sentensi inakuwa na kilema. Ndiyo maana Mabula aliandika "Is raining" mpaka Mwalimu akamuuliza, "Nani huyo ananyesha?" Na Mabula akajibu, "Mungu, Mwalimu."

Angalieni pia kitenzi kinachong'aa lakini siyo chenyewe. "The man digging in the mud." Mtu anayechimba kwenye matope. Unaona digging, unasema nimepata. Hujapata. Hakina wakati, hakijaambiwa ni jana, leo au kesho, na sentensi bado inasubiri huyo mtu afanye nini. Ni kirai tu, kirefu. "The man is digging in the mud." Hapo sasa kuna jicho.

Kishazi tegemezi nacho kina jicho lake, msikidharau. Kina kitenzi, kina mtendaji. Ila mbele yake kuna neno linalokifunga kamba: because, when, if, although, until. Kamba hiyo inakwenda kwa kishazi kingine. Ukikiacha peke yake, msikilizaji anabaki ameinua shingo akikungoja.

Nirudi barazani. Siku yangu ya pili, wiki iliyofuata, nilifika na chekeche, karai la maji na ndoo ya changarawe. Nilitandika gunia la plastiki sakafuni. Mama Kulwa alikuwa amekuja, amekaa benchi la mwisho na kanga yake ya kazi. Mwalimu Nyamizi alimpa shikamoo, maana Mama Kulwa alikuwa mkubwa kwake, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndogo kama mwanafunzi mgeni. Nilipomwona pale nilitamani kukimbia. Lakini mikono ilikuwa imeshaingia majini.

Nikachekecha. Darasa lilinyamaza, maana hakuna mtu wa Maganzo anayeongea mwenzake anapochekecha. Nikazungusha, nikainua, nikapindua. Ugali ulikaa sawasawa. Nikanyoosha kidole kwenye jicho, na sauti ikatoka, ndogo, ya kukwaruza: "This is the verb." Hiki ni kitenzi. Nikagusa changarawe za pembeni. "These are phrases. In the morning. With a spade. Near the road." Nikazifagia kwa mkono. "The verb is here still." Nilikuwa nimeandaa fungu la pili pembeni, lenye jicho lake, na kipande cha kamba cha kuyaunganisha mafungu mawili. Hapo ndipo ningeeleza because.

Sikufika. Jua la jioni lilipita chini ya bati likagonga lile jicho, na katikati ya mawe meusi kitu kikameremeta.

Mabula hakufikiri. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angefikiri. Aliruka kwenye benchi akapiga kelele: "Jiwe!"

Nyinyi wa hapo mnajua neno hilo linafanya nini. Darasa zima liliinuka. Wateja waliacha vitu kwenye mizani wakamiminika nje. Mtu aliingiza mguu kwenye karai langu, maji yakatapakaa sakafuni. Mwingine alikanyaga fungu la pili likasambaa. Mzee Anwari alitoka na lenzi yake ya kukagulia mawe jichoni, yeye ambaye hutembea kwa hesabu kwa ajili ya magoti, siku hiyo alikuja kama kijana. "Msiguse! Msiguse!" alikuwa anasema, huku yeye mwenyewe akinyoosha mkono.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini. Nikatazama juu nikaona miguu tu. Nilisahau almasi, wadogo zangu. Nisiwadanganye, sikuiwaza kabisa. Niliwaza kamba yangu iliyokuwa imezama kwenye matope, na uandikishaji unaofungwa, na ukuta ninaoushika asubuhi. Nikasimama. Kikanitoka kitu ambacho sikukikariri popote:

"Sit down! If you stand on my gravel, I cannot finish!"

Kaeni chini. Mkisimama juu ya changarawe zangu, siwezi kumaliza. Nilipiga kelele hiyo mpaka upande wa pili wa barabara watu waligeuka.

Wakakaa. Wateja nao wakakaa, popote, wengine chini. Mzee Anwari alikalia gunia la chumvi na lenzi yake bado iko jichoni. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwa na haja ya kukaa, kwa sababu hakuwa ameinuka tangu mwanzo. Ni Mama Kulwa, mwenye changarawe. Kama lile lingekuwa jiwe, lingekuwa lake. Alibaki amekunja mikono benchi la mwisho, anatazama usoni kwangu.

Mwalimu Nyamizi hakunisifu. Alifungua pindo la kanga, akatoa chaki, akaiandika sentensi yangu ubaoni kama nilivyoisema, neno kwa neno. Akanipa chaki.

"Endelea," alisema. "Somo ni lako."

Nikaendelea. Fungu la pili lilikuwa limekanyagwa, kwa hiyo nilitumia ubao. Niliwauliza majicho yako wapi. Mabula, ambaye sasa alikuwa na adabu kubwa, alisimama akaonyesha: stand, na cannot finish. Nikawauliza kamba iko wapi. Wakajibu wote, "If!" Nikafuta kishazi cha pili nikawasomea cha kwanza peke yake: If you stand on my gravel. Nikanyamaza. Wakabaki wameinua shingo, hata wateja. Nikawaambia, "You see? You are waiting." Nikafuta cha kwanza, nikarudisha cha pili: I cannot finish. Shingo zikashuka. Kilisimama chenyewe.

Nilikuwa nimefundisha, na sikujua nimeanza lini.

Nilipomaliza, Mzee Anwari alinyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu Luhende," alisema, "sasa naruhusiwa kusimama?"

"Ruksa, mzee."

Alipiga magoti penye jicho, akakitoa kile kitu kwa kucha, akakigeuza kwenye mwanga. Tulishika pumzi, siwezi kukataa.

"Soda," alisema. "Kipande cha chupa ya soda. Ya zamani, imesuguliwa vizuri."

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Mabula alifunika uso kwa daftari. Wateja walirudi ndani wakimdai Mzee Anwari awapimie upya sukari, maana mizani iliachwa peke yake. Mama Kulwa alijikongoja kuja mbele, akaokota chekeche langu, akalikung'uta.

"Mama, hukutaka hata kutazama?" Mabula alimuuliza.

"Changarawe zangu nazijua, niliziosha mwenyewe," alijibu. "Nilikuja kumsikiliza huyu." Akanigeukia. "Sijaelewa hata neno moja. Lakini umepindua vizuri, baba."

Siku hiyo ndipo jina la Uji lilipokufa.

Jumatatu Mwalimu Nyamizi alinipeleka kuandikishwa. Mtihani niliufanya, nikapita, na baadaye ule wa kidato cha nne. Hesabu zilinitoa jasho, Kiingereza hakikunitoa jasho sana. Chuoni walinipokea. Leo pampu mpya ikifika hapa Kalangalala na karatasi yake ya maelekezo, nakaa nayo kwanza. "Do not start the pump until the tank is full." Usiwashe pampu mpaka tangi lijae. Sentensi moja, majicho mawili, na until kamba yake. Ukiruka nusu ya pili unaunguza mota ya watu. Nikisoma maneno hayo vidole vyangu huwa vinazunguka vyenyewe, kulia kidogo, kushoto kidogo.

Mwalimu Nyamizi amerudi kwao Runzewe kupumzika, na macho yake siku hizi hayasomi vizuri. Nikipata nafasi huenda kumsalimia. Humsomea chochote kilichopo, hata karatasi za pampu, naye huniuliza katikati, "Kitenzi?" kama bado nina mtihani kesho. Mama Kulwa hatunaye tena. Kila siku ninayoamka bila kushika ukuta, nasema wabeja mayu kimoyomoyo, yaani asante mama, kwa wale msiojua Kisukuma. Mzee Anwari mnaye bado. Mpeni shikamoo yangu. Lile chekeche kuukuu alilolitundika juu ya mlango na kukataa kuliuza ndilo langu, na mtu akimuuliza huwa anasema ni mali ya Mwalimu Luhende. Anasema hivyo bila kutania.

Sasa wewe uliyesimama mara mbili. Sina dawa ya aibu. Mimi bado ninayo, mteja mgeni akiingia hapa namwachia kijana mwenzangu aongee naye kwanza. Nakuambia tu kwamba mikono yako inajua kitu. Kama unasuka nywele, kama unakamua ng'ombe, kama unafyatua matofali, sijui. Kipeleke hicho barazani, ukifanye mbele yao, na uache mdomo uje nyuma kwa wakati wake. Wakikuharibia, usikae. Waambie wao wakae.

Halafu nijibuni, wote. Msiniandikie kwamba mmefaulu, hilo Mabula ataniambia. Kila mmoja aniandikie sentensi moja ya Kiingereza ambayo aliisema kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa ameudhika au amefurahi, bila kuikariri, na aniambie alikuwa akimwambia nani. Mpeni Mabula, atanifikishia. Mwandiko ukiwa mbaya si neno, na makosa msiyafute. Nitaiweka karatasi mezani hapa katikati ya pampu, niitikise taratibu, niipindue, nitafute jicho.

Ndimi mkubwa wenu,
Luhende